Shombo, Chokaa na Ukuta wa Tongoni

Msikilizaji, uko Ngamiani au Chumbageni, uko Muheza, Pangani au Mkinga, karibu tukae pamoja robo saa. Leo nataka tuzungumze kemia, na najua wapo ambao kwa neno hilo tu mkono umeshafika kwenye kitufe cha redio. Nakuomba usubiri kidogo. Naanzia mahali unapopajua, soko la samaki la Deep Sea.

Asubuhi, ngalawa zikishaingia, utawakuta akina mama wanapaa samaki. Mikono imejaa magamba na shombo. Akimaliza kazi, mama ananawa kwa sabuni, ananusa vidole, shombo ipo palepale. Basi anachukua kipande cha ndimu, anasugua viganja na vidole, anasuuza kwa maji. Shombo imekatika. Mwulize imekuwaje, atakujibu kwamba ndimu inakata shombo. Amesema kweli. Na alichokifanya pale ndicho mwanafunzi wa sekondari anachoulizwa katika mtihani hadi kalamu ikamganda mkononi: asidi ikikutana na besi, kinapatikana nini?

Mimi nilipokuwa sekondari nilikariri. Ubaoni iliandikwa milinganyo ishirini, nasi tukaimeza kama ilivyo, herufi na tarakimu. Siku ya mtihani likaja swali la asidi ya nitriki na chokaa. Halikuwemo katika ile ishirini. Niliacha nafasi wazi. Zilipita siku nyingi ndipo nikatambua kwamba jibu lilikuwa ndani ya swali lenyewe, limeandikwa mbele ya macho yangu, nami sikuliona. Hilo ndilo ninalotaka uondoke nalo jioni hii: katika jambo la asidi na besi, jibu limo ndani ya swali.

Kwanza tuwajue hawa wawili. Asidi, au tindikali kama wengi tunavyoiita, imebeba haidrojeni na iko radhi kuiachia. Ndimu, siki na ukwaju vinachachua ulimi kwa sababu hiyo moja. Besi ni upande wa pili, ule unaoipokea hiyo haidrojeni. Besi za kawaida za maabara zina metali, kama vile sodiamu au kalsiamu, na pamoja na hiyo metali kuna oksijeni na haidrojeni zilizoshikana, jozi inayoitwa haidroksaidi.

Wakikutana majini, haidrojeni ya asidi inaikimbilia haidroksaidi ya besi. Haidrojeni moja ukiijumlisha na jozi ya oksijeni na haidrojeni, unapata maji. Nyuma wamebaki wawili walioachwa na wenzao: metali ya besi, na kile kilichosalia cha asidi. Hao wanabaki wenyewe kwa wenyewe, na ukiyakausha yale maji utawakuta chini ya chombo wameshikana. Hicho ndicho kinachoitwa chumvi. Kwa hiyo asidi na besi hutoa chumvi na maji.

Ukimsikia mkemia anataja chumvi, usifikirie kibakuli cha mezani tu. Ile ya mezani ni mmoja katika ukoo mkubwa. Na kila mmoja katika ukoo huo ana majina mawili, kama sisi tunavyoitwa fulani bin fulani. Jina la kwanza linatoka kwa besi, la pili linatoka kwa asidi. Asidi ya haidrokloriki, ile iliyomo hata tumboni mwetu, inatoa jina la kloraidi. Asidi ya nitriki inatoa nitreti. Asidi ya salfuriki, ambayo ndiyo maji ya betri, inatoa salfeti. Kaboniki inatoa kaboneti. Siki inatoa asetati, na ndimu inatoa sitreti. Basi mtu akikwambia sodiamu kloraidi, amekwishakutajia wazazi wote wawili: haidroksaidi ya sodiamu, na asidi ya haidrokloriki. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Baada ya majina kuna hesabu ndogo. Kila haidrojeni ya asidi ni lazima ipate haidroksaidi yake. Haidrokloriki ina haidrojeni moja ya kutoa, nitriki vilevile moja. Salfuriki inazo mbili. Fosforiki inazo tatu. Upande wa besi, haidroksaidi ya sodiamu ina jozi moja, chokaa, yaani haidroksaidi ya kalsiamu, inazo mbili. Salfuriki na chokaa basi zinatoshana moja kwa moja, mbili kwa mbili. Zinatoa maji mawili na kalsiamu salfeti. Hiyo kalsiamu salfeti ikiwa imeshikana na maji ndiyo jasi, ileile inayochimbwa Makanya, wilayani Same. Na chaki nyingi za ubaoni zinatengenezwa kwa jasi. Mwalimu anapoandika mlinganyo huo, huenda jibu lake analo mkononi.

Sasa niseme juu ya mambo matatu yanayowakwaza wengi, maana huwezi kubashiri vizuri kama hujui penye kona.

La kwanza ni povu. Zipo besi ambazo badala ya haidroksaidi zimebeba kaboneti: magadi tunayotia kwenye maharage, majivu ya kuni, mawe ya chokaa yenyewe. Hizi zikikutana na asidi zinatoa chumvi, zinatoa maji, na juu yake zinatoa hewa ya ukaa. Maji ya betri yakimwagika sakafuni, mtu akayamwagia majivu, yanachemka povu. Bashiri yaliyomo mle: majivu yana potasiamu kaboneti, maji ya betri yana salfuriki, basi kuna potasiamu salfeti, maji, na ile hewa inayofanya povu. Lakini sikiliza vizuri jambo hili. Maji ya betri yakikumwagikia mwilini, kimbilia maji safi, mengi, yanayotiririka, kisha nenda hospitali. Usijipake majivu wala magadi. Asidi na besi zinapozimana zinatoa joto, na joto hilo juu ya ngozi ni jeraha la pili.

Joto hilo nalo lina mafunzo yake. Chukua asidi kali yoyote na besi kali yoyote, katika maji yenye vipimo vya maabara, utapata joto karibu lilelile, kilojuli 57 hivi kwa kila moli moja, kile kipimo cha wakemia cha kuhesabia chembe, ya maji yanayopatikana. Ubadilishe sodiamu uweke potasiamu, ubadilishe kloraidi uweke nitreti, joto halibadiliki. Kwa nini? Kwa sababu linalotendeka ni moja tu, haidrojeni inaungana na haidroksaidi. Wengine ni wasindikizaji. Mswidi Svante Arrhenius, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1903, ndiye aliyefundisha kwamba asidi, besi na chumvi zikiwa majini zinagawanyika vipande vyenye chaji ya umeme. Ukishalielewa hilo, milinganyo ishirini inakuwa mmoja.

La pili ni zile besi zisizo na haidroksaidi wala kaboneti. Hapa turudi kwa mama yetu wa Deep Sea. Shombo inatokana na kitu kiitwacho trimethilamini, ndugu wa amonia. Ni besi inayopaa hewani kwa urahisi, ndiyo maana inafika puani. Haina haidroksaidi ya kutoa, ila inaipokea haidrojeni ya ndimu na kukaa nayo. Maji hayazaliwi hapa. Kinachozaliwa ni chumvi peke yake, na chumvi haipai hewani, kwa hiyo pua haiipati. Tena inayeyuka vizuri, kwa hiyo inaondoka na maji ya kusuuzia. Mama alipochagua ndimu, alichagua kuigeuza besi inayopaa iwe chumvi inayosuuzika.

Amonia yenyewe inafanya vivyo hivyo. Ikikutana na asidi ya salfuriki inatoa amoniamu salfeti, na wakulima wa Korogwe na Lushoto wanaijua vizuri, maana ndiyo mbolea ya SA.

La tatu linatokana na hiyohiyo SA. Wengi wanadhani asidi na besi zikishazimana, kinachobaki hakielemei popote. Hivyo ni pale nguvu zinapolingana. Asidi kali ikikutana na besi dhaifu, chumvi yao inaelemea upande wa asidi. Asidi dhaifu ikikutana na besi kali, chumvi inaelemea upande wa besi. SA ni mtoto wa asidi kali na besi dhaifu. Isitoshe, ikifika udongoni vijidudu vinaigeuza ile amonia kuwa nitreti, na katika kuigeuza vinaachia haidrojeni. Shamba linalotiwa SA msimu baada ya msimu linazidi kuwa na asidi.

Mkoa wetu unalijua tatizo hili kwa njia nyingine pia, njia ya mkonge. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida, na ile 62 iliyofika hai ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutoka hapo yakaja mashamba yote unayoyaona ukipita Muheza na Korogwe. Mkonge unapenda sana kalsiamu, na kila jani linalokatwa kupelekwa korona, mtambo wa kutoa nyuzi, linaondoka na kalsiamu ya shamba. Watafiti wa udongo wa kituo cha Mlingano, wilayani Muheza, waliona kwamba mashamba yaliyolimwa mkonge miaka mingi bila kurudishiwa kitu yalipungua rutuba na udongo wake ukaongezeka asidi. Dawa mojawapo ni mawe ya chokaa yaliyosagwa. Bashiri na hapo: kaboneti na asidi ya udongo zinatoa maji na hewa ya ukaa, na kalsiamu inabaki shambani inakohitajika.

Nimetaja chokaa mara nyingi. Sasa twende nayo mpaka nyumbani kwake.

Ukitoka Tanga mjini kuelekea kusini, njia ya Pangani, utafika Tongoni. Jina lenyewe linatoka kwenye neno tongo, yaani mahame. Pale kuna magofu ya msikiti wa mawe wa karne ya 14 au 15, na makaburi ya kale yenye nguzo. Mwanzoni mwa mwaka 1499 Vasco da Gama, akirudi kutoka India na mabaharia wake wengi wamekufa, aliichoma moto meli yake moja, São Rafael, kwenye miamba ya bahari hii ya Tanga. Meli hiyo imekwisha. Kuta za Tongoni, ingawa zimebomoka, sehemu yake bado imesimama. Nini kinazishika?

Ni chokaa ya matumbawe yaliyochomwa. Tufanye kama walivyofanya mafundi, ila sisi kwa mizani. Chukua kilo 100 za matumbawe, tuchukulie ni kalsiamu kaboneti tupu. Yapange juu ya kuni, uyachome mpaka joto lifike nyuzi 900 hivi. Hewa ya ukaa inatoka na kwenda zake, kilo 44. Zimebaki kilo 56 za mawe meupe, mepesi, makali kwa ngozi. Yamwagie maji. Yanafoka mvuke, yanapasuka, yanakuwa unga. Yamekunywa kilo 18 za maji, na sasa una kilo 74 za chokaa, yaani haidroksaidi ya kalsiamu. Hiyo ni besi kamili, metali moja na jozi mbili.

Fundi anaichanganya na mchanga, anajengea, anapiga lipu. Kisha anaondoka. Kazi iliyobaki inafanywa na hewa. Ndani ya hewa tunayopumua imo hewa ya ukaa kidogo, nayo ikiyeyuka katika unyevu wa ukuta inakuwa asidi ya kaboniki, asidi dhaifu sana. Basi ukutani pale kuna asidi, na kuna besi. Msikilizaji, bashiri wewe. Jina la kwanza linatoka kwa besi: kalsiamu. La pili linatoka kwa asidi: kaboneti. Na maji. Maji yanakauka, kalsiamu kaboneti inabaki. Na kalsiamu kaboneti ni nini? Ni tumbawe. Ni kilekile tulichokitoa baharini.

Rudia hesabu. Kilo 74 za chokaa zinachukua kilo 44 za hewa ya ukaa, zinaachia kilo 18 za maji, na unarudi kwenye kilo 100 ulizoanza nazo. Moto ulilitenganisha jiwe ili fundi apate kulikanda na kulipa umbo alitakalo, kisha hewa ikalirudisha kuwa jiwe. Kwa maana ya mkemia, kinachoushika msikiti wa Tongoni ni chumvi, na mmenyuko ulioizaa ni ule wa asidi na besi kuzimana. Unakwenda polepole, kuanzia nje kuingia ndani, miezi na miaka, ndiyo maana wazee walikuwa hawana haraka na ukuta wa chokaa.

Unaweza kuuona mmenyuko huo bila kufika Tongoni. Kikopo cha chokaa ya tambuu kikiachwa wazi kinafanya utando mgumu juu, na aliyezoea anajua kwamba ile chokaa imekufa. Haikufa, imezimwa na asidi ya hewa. Na yule mwanafunzi anayepuliza pumzi kwa mrija kwenye maji ya chokaa yaliyo maangavu mpaka yakawa kama maziwa, anatengeneza ukuta wa Tongoni ndani ya glasi.

Sasa mwambie aendelee kupuliza, asiache. Baada ya muda yale maziwa yanapotea na maji yanakuwa maangavu tena. Ametia asidi nyingi kupita kiasi, na kaboneti imegeuka kuwa chumvi nyingine, baikaboneti, ambayo inayeyuka. Hapa tunajifunza kwamba kubashiri kunataka ujue na kipimo: nani kaleta nini, na kaleta kiasi gani. Na mfano wa jambo hili tunao upande wa pili wa mji, kaskazini, njia ya Mombasa. Ni mapango ya Amboni. Mawe yale ya chokaa yana umri wa takriban miaka milioni 150. Mvua inapita kwenye udongo, inabeba hewa ya ukaa, inakuwa asidi dhaifu, inapenya kwenye nyufa na kulibeba jiwe kidogo kidogo likiwa limeyeyuka. Kwa miaka isiyohesabika imechonga vyumba na vichochoro. Na tone likining'inia darini na kuachia hewa yake, kaboneti inarudi kuwa jiwe, tone juu ya tone, mpaka zinakua zile nguzo ambazo wageni hulipa kiingilio kuja kuziona.

Jambo hilohilo linatutia wasiwasi kwa upande wa bahari. Moshi wa dunia nzima unaongeza hewa ya ukaa, bahari inaimeza sehemu yake, na asidi inayopatikana inapunguza ile kaboneti ambayo matumbawe yanaihitaji kujijenga. Miamba yetu iliyo mbele ya Kigombe na Mwambani ni mazalio ya samaki anayeuzwa Deep Sea. Chokaa ya kujengea tunaweza kuipata nchi kavu, kwenye mawe kama yale ya Pongwe na Amboni. Tumbawe lililo hai tuliache likae baharini.

Wanafunzi wangu, na wewe mzazi unayemsaidia mtoto kwa taa ya jioni, ukikutana na swali la namna hii usitafute kumbukumbu. Soma swali, ujiulize: nani ameleta haidrojeni, na ngapi? Nani anaipokea? Waliobaki ni nani, na wanaitwaje? Kuna kaboneti ya kutoa povu, au ndugu wa amonia asiyetoa maji?

Na sasa nirudi kwenye ile nafasi niliyoiacha wazi. Asidi ya nitriki, na chokaa. Nitriki ina haidrojeni moja, chokaa ina jozi mbili, basi nitriki mbili zinahitajika. Jina la kwanza kalsiamu, la pili nitreti. Kalsiamu nitreti, na maji mawili. Ikiwa ulilitaja jibu kabla yangu, umelitoa mahali lilipokuwa tangu mwanzo.